Wanaonja, Wanatema

Duka letu la Karama halina dirisha.
Mlango mweusi, kengele, kamera,
ndani baridi ya kabati la nyama
ingawa nje Julai inachemsha lami.
Kifuani nimebandikwa NAOMI,
maana meneja alijaribu Nyemo mara mbili
akachoka.

Alhamisi kaja mwenye divai yake.
Nilimtarajia mzee wa tai na kitambi;
kaja Bi Nuhad, kutoka Bonde la Bekaa,
viatu vya shamba, miwani imefungwa uzi,
chupa sita kazibeba mwenyewe
kama mama aliyeleta watoto kliniki.

Wateja ishirini na wawili.
Mimina vidole viwili, nimeagizwa, si zaidi.
Wanazungusha glasi, wanatumbukiza pua,
wanavuta hewa kwa meno kama wenye jino bovu,
kisha, pu! Ndooni.
Cheri, anasema mmoja.
Ngozi ya tandiko la farasi, anasema mwenziwe.
Mwingine kafumba macho: tumbaku, na mwerezi kwa mbali.
Mimi nashika ndoo.
Chupa ya tatu ni nusu ya mshahara wangu
na nusu ya chupa imo humu, inaelea na povu la mate.
Baba angeliona hili angeomba kiti.

Kule Mvumi kikombe cha Pasaka
kilifutwa kwa kitambaa cheupe baina ya mdomo na mdomo,
na tone likidondoka
mchungaji alipiga goti akalifuata hadi sakafuni.

Walipotoka kuvuta sigara aliniuliza kwa Kiarabu
kovu hili la gumba nimelipata wapi.
Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni:
mkasi. Kupogoa. Baba ana ekari moja ya zabib.
Akacheka. Zabib ni zilizokauka, binti.
Zikiwa hai mtini ni inab.
Kwetu, nikasema, mbichi na kavu jina moja.
Na kweli. Mwaka ule lori lilipokosa kuja
tulilala na zabibu, tukaamka na zabibu,
neno halikubadilika hata herufi;
kilichokauka ni ada ya shule.

Akanionyesha gumba lake.
Kovu lilelile, upande uleule.
Akasema mizabibu yao hulala miezi mingi, theluji juu yake.
Yetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nikamwambia.
Hailali?
Hailali. Ukiipogoa leo, kesho inatoa machozi,
wiki haijaisha imeshachipua.
Akatikisa kichwa
kama aliyepewa habari za mgonjwa.

Onja, akasema, akanimiminia vidole vitatu.
Meneja alikuwa amezama kwenye risiti.
Unasikia nini?
Nilitafuta cheri; sijawahi kula cheri.
Nilitafuta tandiko; kwetu kuna punda tu, naye hupanda mgongo mtupu
mzigo wa kuni.
Nikasema: vumbi.
Vumbi la Novemba, tone la kwanza limeanguka,
la pili linasitasita.
Hakucheka. Akatoa kalamu
akaliandika neno langu kiganjani, kwa herufi zao,
kutoka kulia.

Sikutema.

Usiku niliosha glasi, nikazikausha kwa karatasi
zisibaki na alama ya kidole cha mtu.
Chumbani, kitanda cha juu, Mfilipino wa chini akikoroma,
nikampigia baba nikamweleza yote:
mama wa Bekaa, kovu, theluji, ndoo.
Ndoo hakuiamini.
Theluji aliiruka.
Akanyamaza, nikasikia redio yake, na mbuzi,
kisha: Huyo mama, huko kwao,
kilo moja wananunua bei gani?

Sikuwa nimeuliza.

Ah, akasema. Miaka mitano Uarabuni, Nyemo,
na hukuuliza.