Erre ya Tarime

Saa tisa usiku, Greeley, Colorado.
Mashine za kukaushia mashuka zinavuma
na Maribel Ontiveros amenishika kidevu:
"Tena. Perro."
Nanguruma: perro.
Anapiga makofi, mikono inanuka dawa ya kufulia.

Laiti angesikia Mwalimu Lusajo,
aliyenisimamisha mbele ya darasa niseme "kula",
nikasema "kura",
na darasa zima likanipigia kura kwa kicheko.
R ile ile, niliyopita nayo forodhani bila kuitangaza,
leo inasifiwa.

Irabu nazo sikuzilipia hata senti.
A, e, i, o, u. Kikurya kina saba; tano si mzigo.
Maribel haamini: "Nani kakufundisha?"
Lusajo, namwambia. Yule yule.

Tatizo ni L.
Tatizo ni mkazo: mimi mtu wa silabi ya pili kutoka mwisho,
nimezoea kuegemea hapo, hapo hapo,
na huku mkazo unahamahama.
Papá ni baba, papa ni kiazi.
Jana nilimuuliza Maribel kama kiazi chake kimepona mguu.
Nikajitetea: hata sisi tunalo neno,
barabara tunayopita, na mambo yakiwa barabara,
nguvu imesogea hatua moja tu.
Akajaribu. Akapotelea njiani.

Chumba cha kumi na nne, Doña Eufrasia hajalala.
Nyonga. Miaka tisini na moja.
Nimeandika kiganjani: ¿Le duele?
Naipenda ile alama iliyopinduliwa mwanzoni,
swali linapiga hodi kabla ya kuingia.
Wiki iliyopita sikupiga hodi.
Nilisema kwa sauti bapa, ikawa hukumu:
inakuuma.
Akageukia ukutani.

Usiku huu napandisha sauti
kama ninavyopandisha kitanda chake, kidogo kidogo,
nisimshtue.
"¿Re duere?"
L zote mbili zimefia njiani.
Sauti imefika.

Ananitazama. Anafungua kinywa nione
ulimi ukigusa ufizi usio na jino:
le. Le.
"Le," nasema.
Anatikisa kichwa, bado, si haba,
ndipo anajibu nilichouliza.
"Aquí."
Na mkazo, nausikia, uko mwisho kabisa,
pale kidole chake kinapobonyeza.