Sababu ya Kukaa

Miaka sita, Gerrit, ulikaa Nong Khai kwa sababu ya uzee.
Ndivyo pasipoti yako ilivyosema: amestaafu.
Fundi wa tramu kutoka Rotterdam, magoti mabovu,
laki nane za baht zimelala benki, haziguswi,
kama wali uliofunikwa kumsubiri mgeni asiyefika.

Mimi nilikuwepo. Sikuandikwa popote.
Nilikutafutia miwani iliyokuwa kichwani mwako,
nikakufundisha jina la kila mdudu aliyekuuma,
lakini kwa serikali ulikuwa mzee na hela zake, basi.

Halafu jicho la mama likaingia ukungu.
La pili likafuata.
Daktari wa Udon akataja bei bila kupepesa ya kwake.

Ukakaa na kikokotoo mezani mpaka mjusi akanyamaza ukutani.
"Rampai," ukasema, "mwenye mke hudaiwa laki nne tu."
Nikahesabu kwa vidole.
Kumbe hiyo ndiyo thamani yangu,
nusu ya kisichoguswa.
Ukacheka, kisha ukaona sicheki.

Tukaanza kukusanya ushahidi wa ndoa.
Cheti kikatoka kwenye kopo la biskuti, pembe imeliwa na mende.
Fotokopi, sahihi, fotokopi ya sahihi.
Picha mbele ya namba ya nyumba.
Picha sebuleni.
Picha chumbani, tumekaa ukingoni mwa kitanda
kama abiria wawili wasiojuana.
"Sogeeni," mpwa wangu akasema nyuma ya simu. Tukasogea.
"Sogeeni kama watu waliooana."

Ramani ya kufika kwetu uliichora mwenyewe:
hekalu, duka la tambi, kona ya mbwa wa miguu mitatu.
Nyumba ya Chalaem hukuiweka.
Nikaiongeza mimi kwa penseli, hafifu,
kwa maana walitaka jirani wa kuthibitisha kwamba tunaishi pamoja,
na jirani tuliye naye ni huyo mmoja,
ambaye hatujasemeshana
tangu bata wake walipoimaliza miche yangu ya mpunga.

Nilikwenda na papai.
Alilipima mkononi kama mtu anayetaka kupunguziwa.
"Nikaseme nini?"
"Unachokijua."

Alikuja ofisini amevaa sketi yake ya harusi za watu.
Afisa, kijana mwenye chunusi, akauliza
kama kweli hawa wanaishi nyumba moja.
Chalaem akasafisha koo.
"Huyu mzungu anakoroma. Mpaka kwangu nasikia.
Na huyu mwanamke, kila usiku, saa tisa,
namsikia akimwambia: geuka, kipenzi, geuka.
Kisha kimya, na mimi ndipo ninapopata usingizi."

Sikuwa nimewahi kujisikia nikilisema neno hilo.
Mchana nakuita Gerrit, na nikikasirika, wewe.
Afisa hakuliandika,
ila kalamu yake ilisimama kidogo hewani.

Siku thelathini za kusubiri, kisha muhuri.
Mama sasa anaona. Jambo la kwanza aliloliona
ni kwamba umenenepa, akalitangaza sokoni.

Lakini wewe husoma karatasi mpaka maandishi ya chini kabisa.
Jana ulivua miwani, ukaipangusa, ukaivaa tena.
"Ukifa," ukasema, "kibali kinakufa nawe."
Zamani ulitakiwa uzeeke tu,
na kazi hiyo hukuwahi kuikosea.
Sasa unatakiwa mimi nipumue.

Usiku huu niko macho, nakusikiliza ukikoroma.
Saa tisa imefika.
Ng'ambo ya ua taa ya Chalaem inawaka;
huenda naye anasubiri.
Geuka, kipenzi, nasema,
kwa sauti iliyopanda kidogo kuliko kawaida,
geuka.