Mvumo wa Hamsini

Volti mia tatu na arobaini hazina mzaha,
ndiyo maana mkono wa kushoto nautia mfukoni
kama bahili anayejifanya anatafuta chenji,
wa kulia ukaenda peke yake na ncha ya mita.

Februari, hapa Rožnov. Theluji imepanda hadi kidirisha cha ghala la chini,
nami nimekalia kreti tupu la bia
mbele ya kitu nilichokichora mwaka mzima kwenye karatasi za miraba:
transfoma tatu, vali nne,
chasisi ya bati nililolikata kwenye mlango wa friji ya mama mkwe,
Mungu amrehemu, aliyesema sitamaliza.

Kwenye karatasi hakikuvuma.
Karatasi haina lehemu baridi
wala skrubu iliyoachwa nusu kwa sababu mtu aliitwa kula.

Nilipowasha, umeme wa mtaa mzima uliingia bila hodi,
mara hamsini kwa sekunde,
mzito, kama ng'ombe aliyefungiwa kabatini.
Nikazisokota nyaya za kupasha kathodi, kaza, kaza, kama ukili.
Nikageuza transfoma moja impe mgongo jirani yake.
Nyaya zote za ardhi nikazileta kwenye skrubu moja,
maana ardhi mbili katika nyumba moja ni wake wenza,
hazikosi la kunung'unikia.
Mvumo ukashuka. Nikapiga mluzi.
Mapema mno.

Dakika ya ishirini vali ya kulia ikaanza kukohoa.
Nikailaumu. Nikaihamishia kushoto, ya kushoto nikaileta kulia:
vali ikahama, ugonjwa ukabaki kwenye kiti.
Siku tatu hivyo.
Nikiota, naota michirizi ya rezista,
kahawia, nyeusi, njano,
kahawia, nyeusi, njano, na naamka nikiwa nimekosea kuhesabu.

Dada yangu Ludmila akashuka na bakuli la supu ya kabichi.
Miaka kumi na tisa alifunga shingo za vioo kiwandani,
pampu zikayala masikio yake, kwanza la kulia.
Hakuuliza kitu. Alizima taa.
Nikamfokea, kisha nikakumbuka hasikii,
kisha nikaona:
gizani, ndani ya kioo, bati la anodi linaiva,
wekundu wa kucha iliyobanwa na mlango.
Akaonyesha kwa kijiko. Si vali. Chini yake,
ile kapasita ya njano niliyoinunua kwa bei ya peremende.

Kazi yake ni ya bawabu: sauti ipite, mkondo ubaki nje.
Nikagusa gridi kwa ncha ya mita.
Volti kumi na moja, mahali palipotakiwa sifuri.
Bawabu alikuwa akila rushwa,
kidogo kidogo, na zaidi kadiri alivyopata joto.

Nimeweka nyingine, ya volti mia sita, mbali na vali.
Nimeweka na fyuzi ndogo kwa kila kathodi,
kwa kuwa ipo siku kitu hiki kitaungua bila mtu wa kuzima taa.
Supu imepoa, ina utando juu.

Selo sasa inatoka, sauti ya rangi ya kahawa,
bila mvumo ninaousikia mimi.
Ludmila ameweka kiganja juu ya sanduku la spika,
amefumba macho. Nasubiri sifa.
Anatikisa kichwa.
Anahamia sanduku la pili, anagonga mara mbili kwa kidole:
hapa.

Mimi sisikii chochote.
Nazima. Nangoja kapasita kubwa zimwage zilichokunywa,
nahesabu hadi sitini, naongeza thelathini,
naurudisha mkono mfukoni.