Kalibu za Baba

Umeme ulikuwa na tabia za mdeni.
Ukiusubiri, hauji. Ukilala, unabisha:
saa tisa za usiku balbu ya jikoni inapepesa jicho
na Mama anaruka kitandani na koti lake mwilini
(hakulivua tangu Novemba),
anapanga matofali manne juu ya jiko, anakanda unga,
anatuamsha tuoshe nywele,
Zaven analia, povu machoni,
kisha giza.
Dakika arobaini. Siku nyingine kumi na moja.
Matofali tuliyavisha soksi za sufu tukalala nayo,
kila mtu na lake.

Vanadzor, ghorofa ya nne.
Mabomba ya joto yalipasuka wiki ya kwanza, kimyakimya,
barafu ikachungulia kwenye nyufa kama ulimi.
Baba akaigeuza mashine ya kufulia kuwa jiko la kuni,
akang'oa kioo kimoja cha dirisha, akapitisha bomba.
Ukitazama kutoka barabarani
jengo zima lilikuwa linavuta kiko.

Tulichoma rafu.
Tulichoma mlango wa choo; tangu hapo
aliye ndani alilazimika kuimba.
Tukafuata mbao za sakafu. Baba alianzia chini ya kitanda,
mgeni asione,
kana kwamba kulikuwa na mgeni.

Katikati ya Januari akarudi kutoka karakana na gunia.
Baba alikuwa fundi viatu.
Akamwaga sakafuni miguu:
miguu ya mji mzima, imechongwa kwa mbao ngumu,
jina kwa penseli kisiginoni,
kipande cha ngozi kimegandishwa
pale mwenyewe alipokuwa na sugu.

"Waliokufa kwanza," alisema.

Kufa kufaana, wanasema watu, na hawasemi zaidi.
Sisi tuliizunguka methali hiyo, tumeinyooshea viganja.
Satenik wa duka la mkate: robo saa.
Mwalimu Hovsep. "Huyu hatawaka," alisema Baba,
"alikuwa mbishi."
Na kweli, alitoa moshi tu,
tukakohoa, tukacheka,
mpaka Mama akatukumbusha kuwa ni marehemu.

Februari wafu waliisha.
Wakabaki waliohama, wa Krasnodar, wa Marseille,
na Baba akawatetea siku mbili nzima:
watarudi, watataka viatu.
Siku ya tatu Zaven alianza kile kikohozi cha chini,
cha kifuani.
Mama hakusema neno. Aliinama, akaokota jozi,
akamwekea Baba mkononi.
Usiku ule hakusoma majina.

Walio hai, wa hapahapa, hawachomwi, alisema.
Utamtazamaje mtu kwenye foleni ya mafuta ya taa
na umemla miguu?

Ikaja theluji ya Machi, ile ya kinyongo,
inayorudi baada ya kuaga.
Nilijifanya nimelala.
Nilimwona akichagua, akirudisha, akichagua,
kama mtu anayeulizwa
ni mtoto gani kati ya wanawe.
Sikuona jina.

Aprili alikuja karakana Garegin Dallakyan,
anaegemea fimbo, anataka viatu vya kazi.
Mimi nilikuwa nikinyoosha misumari.
Baba hakuigeukia rafu.
Alipiga magoti, akamvua soksi, akafungua utepe.
Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu;
viwili vimebaki na baridi.
"Miguu yako imebadilika, Garegin," alisema Baba chini chini.
"Kalibu ya zamani isingekufaa."

Garegin aliitazama rafu. Aliitazama sana.
"Ilitoa joto?"

"Ilitufikisha alfajiri."

Akanyoosha mguu wa pili.