Saa ya Kamera

Nimeifunga kwenye shina la mkuyu,
kimo cha goti, ikikitazama kijia cha kinamasini:
kisanduku cha rangi ya matope, jicho moja,
alichoniachia mtafiti wa sokwe siku alipofungasha.
Kifuniko kimepasuka. Nimekibana kwa mpira wa baiskeli.
Hulala hadi kitu kitikisike, ndipo ikakumbuka kazi.

Ila kila nikiitia betri mpya
husahau umri wake, huanza tena:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa,
saa sita kamili za usiku.

Basi hapa Bigodi, chini ya mafunjo,
kanu amepita mwaka elfu mbili na tisa,
mkia wa pete umenyooka kama kauli ya shahidi,
ameandikiwa saa mbili asubuhi,
yeye ambaye asubuhi haijui.
Sange katetemeka hadi akawa ukungu wenye pua.
Panya buku, mashavu yamefura, kakokota kitu king'aacho;
nimeikuza picha mara tatu.
Ni kijiko changu.
Nguchiro sita, na wa saba aliyechelewa
kaja kunusa kioo: picha nzima ni tundu mbili za pua.
Halafu jani la mgomba.
Jani la mgomba.
Picha mia mbili na kumi na moja za jani la mgomba,
upepo ukijidai mnyama.

Mpwa wangu Araali, azijuaye simu kuliko jembe,
kaniambia, "Mjomba, lete nirekebishe tarehe,
dakika mbili tu."
Nikamwambia betri zimekwisha.

Mwaka ule mama alikuwa akipita hapa
kabla ya jogoo, dumu la njano mkononi,
akisema na vichaka:
"Nipisheni jamani, nami nina watoto."
Tulimcheka. Tulidhani anaongea na giza.

Sasa nawajua aliokuwa akiwaomba njia.
Jioni nawapitia, kidole juu ya kitufe,
na jana nimemkuta funo, mdogo, miguu kama njiti,
masikio yamesimama,
kasogea hatua moja pembeni mwa kijia
kama apishaye mtu.

Picha inayofuata: jani la mgomba.

Kesho nitakwenda dukani kwa Kabasinguzi
kununua betri nne.
Nitajaribu kumlipa bei ya mwaka ule.