Mlango wa Kuvu

Kisu cha baba kilibaki langoni.
Mlinzi alikiweka kwenye trei ya plastiki
akamwandikia risiti, kama ya benki.
Kwa miaka hamsini baba hajaukaribia mlimau mikono mitupu.

Huku kwetu Sirakusa milimau inakufa kuanzia juu.
Kijiti kimoja kileleni kinanyauka,
kisha tawi, kisha upande mzima.
Ukibandua gome, ndani mna rangi ya tofali jipya.
Baba alikata, akachoma, akapaka chokaa,
akakata tena.
Mwaka ule wa mvua ya mawe zilikwenda safu kumi na moja,
na mama akazihesabu kwa maharage kwenye sahani,
asiseme neno.

Nami nikaenda kusomea kukata.

Nilimweleza njiani, garini:
ndani ya jani mna chembe, ndani ya chembe mna uzi,
na uzi mzima umeandikwa kwa herufi nne tu,
zinazojirudia hadi ulimi uchoke.
Kuvu ina mlango wake. Mti wenyewe ndio unaoifungulia.
Tumeutafuta mlango huo miaka sita,
tukafuta herufi moja, bawaba ikakwama.
Hatukutia cha samaki wala cha nyoka,
kama anavyohubiri Sarino kinyozi.
Tumefuta tu, baba.

Akatazama nje, kwenye mawe ya chokaa, muda mrefu.
"Na huo mlango ulikuwa wa nini, kabla ya kuvu?"

Sikuwa na jibu.
Nina nusu yake, hata leo.

Nyavu mbili, milango miwili,
mifuko ya nailoni ya buluu juu ya viatu vyake vya matope.
Miche arobaini na mitatu chini ya kioo,
na sheria hairuhusu hata mmoja uonje udongo wa nje.
Baba hakusoma lebo. Alichuma jani
(nikashtuka: jani lile lina nambari)
akalifikicha, akalileta puani, akafumba macho.
Nilingoja kama nilivyokuwa nikingojea ripoti ya shule.

"Ni limau," akasema.

Halafu: "Utazaa lini?"
Miaka minne, nikasema. Mitano.
Kisha majaribio. Kisha Roma. Kisha Brasels.
Ana miaka sabini na minane.
Alihesabu vidole vya mkono mmoja,
akaanza wa pili, akaacha,
akautia mkono mfukoni pamoja na lile jani.
Sikumdai.

Langoni alirudisha risiti, akapewa kisu.
Akakifuta kwa kitambaa chenye spiriti, pande zote mbili,
ingawa hakikuwa kimekata kitu siku hiyo.
"Chako kikoje?" akaniuliza.
Nikamwambia hakionekani kwa macho.
Akakunja chake.
"Hata hicho kioshe," akasema,
"kati ya mti na mti."