Nyonga ya Pili

Mimi Belmiro, mpanga mawe wa Évora.
Miaka arobaini nimepiga magoti barabarani,
jiwe jeupe, jiwe jeusi, nyundo,
na kila jiwe lilikaa nilipolikalisha.

Mwili wangu hauna adabu hiyo.

Nyonga ya kulia walipoitoa, wakatia ya chuma,
nilipewa vidonge vya kutuliza uvimbe.
Siku ya tatu tumbo likawaka kama tanuri.
Nikavimwaga kwenye sinki, nikafungulia maji.
Sikumwambia mtu.

Sikuziba ufa; ukuta ukajijenga wenyewe.
Usiku baada ya usiku, ndani ya nyama,
bila ramani, bila kibali cha manispaa,
mfupa ukapanga mfupa.

Mficha maradhi kilio humfichua.
Mimi nilifichuliwa na ngazi:
vidato sita vya nyumba ya dada yangu,
na mguu ukagoma kwenye cha pili.

Daktari Quitéria aliinua picha dirishani,
akafuata kwa ncha ya kalamu
wingu jeupe kutoka paja hadi nyonga.
"Si saratani," akasema. "Ni mfupa uliopotea njia."
Nikanyamaza. Kazi ya fundi naijua nikiiona:
mshono umebana, hakuna pengo.
Kazi safi, mahali sipo.

Tangu hapo soksi ya kulia
navishwa na Deolinda, naye huimba makusudi
ili nisione haya.

Sasa zamu ya kushoto.
Safari hii nimetapika yote: tumbo, sinki, uongo.
Daktari hakunifokea. Ilikuwa afadhali angenifokea.
Akapima figo, akaniongezea kidonge cha kulinda tumbo,
na muuguzi Leonilde akaandika kwa herufi za mtoto wa shule:
SIKU ISHIRINI NA MOJA. BAADA YA CHAKULA.
Akapigia mstari neno "baada", mara mbili.

Kwa hiyo mkate kwanza, na jibini, hata bila hamu.
Kisha kidonge. Kisha kijiwe kimoja dirishani,
kipande cha chokaa kutoka mkoba wangu wa kazi.
Leo viko kumi na tisa,
na mkono, kwa mazoea, umevipanga vikabana.
Nimevitawanya.

Mguu unauma, lakini unauma kama kidonda,
si kama ukuta.
Au ndivyo ninavyojiambia; picha ni mwezi ujao.
Ruhusa ya kuinama bado.
Soksi ya kushoto iko kitini, imekunjwa,
na Deolinda haigusi.